Viatu vya Daktari wa Kukanda

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Aibu imeanza mapema wiki hii. Kwa kawaida hungoja mpaka Jumatano.

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimeukumbatia mguu wa Mzee Kapela, kuli wa bandarini, nikiukunja na kuukunjua. Mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko. Mimi! Anaeli, miaka sita Makerere, niliyepasua vyura, sungura na maiti mbili! Madaktari wenzangu wanashika visu. Mimi nashika nyayo.

Haya ndiyo mafunzo yanayoitwa utabibu wa viungo. Miaka miwili. Tupo wawili tu, mimi na Abbasi, chini ya Daktari Marcelino, Mgoa mpole mwenye miwani mizito, anayeamini kwamba mgonjwa hajapona mpaka aweze kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Hatudungi sindano. Hatupasui. Tunakunja, tunanyoosha, tunakanda, tunawashikilia watu wasianguke. Kariakoo nzima hakuna anayejua kwamba hiyo ni kazi ya daktari, na mimi sijamwambia mtu. Baba mdogo Leodegar, mwenye duka la jumla la maharage Mtaa wa Kongo, huwaambia Wachagga wote baada ya misa kwamba napasua matumbo. Nilimwacha aamini. Mwezi uliopita nikaongeza na vichwa.

Mbaya zaidi ni mwenye nyumba wangu, Bi Mwanamkuu wa Mtaa wa Sikukuu, Mzaramo wa Kisarawe. Yeye ndiye mkandaji wa mtaa. Walioteguka, waliovunjika, wazazi waliojifungua, wote hupita mikononi mwake. Akijua kwamba mpangaji wake daktari anafanya kazi ileile, tena kwa mshahara wa serikali, itabidi nihame.

Lakini kuna habari njema. Alhamisi ya tarehe kumi na tano anakuja profesa kutoka Uingereza. Mimi na Abbasi kila mmoja ataonyesha mgonjwa wake. Atakayemfurahisha profesa atapelekwa Uingereza mwaka mzima. Nikirudi na cheti cha huko, hata nikikanda mbuzi hakuna atakayecheka.

Mgonjwa wangu ni huyu Mzee Kapela. Zimebaki siku kumi na hatembei.

Daktari Marcelino aliniuliza kama nimeipima miguu yake yote miwili kwa futi, kiunoni hadi kifundoni. Nikasema ndiyo. Niliitazama kwa makini sana, na jicho la daktari nalo ni kipimo.

Jumanne, 6 Agosti

Niandike vizuri habari za mzee huyu, huenda profesa akaomba maelezo. Robota la katani lilimwangukia paja la kulia mwezi wa Aprili. Mfupa umeshaunga, picha inaonyesha. Kila siku namsimamisha kati ya reli mbili za mbao, anakanyaga mara moja, uso unakunjamana, anarudi kukaa. Anasema mguu umemkataa. Nimemweleza kwa upole kwamba mguu hauna maoni.

Leo imekuja barua kutoka kwenye kampuni yake. Karani aliisoma mbele yetu. Asipoweza kutembea kufikia tarehe kumi na tano, namba yake ya kazi inafutwa na anapewa tiketi ya treni ya kurudi Tabora. Akiweza, kuna kazi nyepesi ya kuhesabu magunia ghalani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kwamba Tabora anarudi kwa nani. Yuko hapa miaka ishirini na miwili. Mkewe amezikwa hapahapa.

Niliguswa. Kweli kabisa niliguswa. Kisha nikaona kwamba yeye na mimi tuna tarehe moja, nikaguswa zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Ugunduzi!

Abbasi alipita wodini asubuhi akipiga mluzi kama kawaida yake. Mzaramo wa Gerezani, mwembamba, hana haraka na kitu. Mgonjwa wake ni fundi cherehani aliyepooza mkono, na tayari anashika mkasi. Sijali. Basi Abbasi akasimama mbele ya Mzee Kapela, akamwambia kwa sauti ya wodi nzima kwamba babu zake Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, na leo yeye ameshindwa kulibeba paja lake mwenyewe mpaka chooni.

Nilishika kichwa. Nilingoja mzee alie. Mzee alicheka mpaka akatokwa machozi, akajibu kwamba Mzaramo asimfundishe mtu kazi, maana yeye akisikia ngoma huacha jembe shambani na chungu jikoni. Kisha akainua mguu ili ampige Abbasi teke. Mguu wa kulia! Uleule! Shibiri nzima kutoka kitandani!

Siku tano nimekanda na kubembeleza, nimepata nini? Abbasi ametukana mara moja. Nimeandika kwenye daftari langu la utafiti: matusi hutia nguvu misuli ya paja. Huenda nikaandika makala.

Alhamisi, 8 Agosti

Sitaandika makala.

Jana jioni nilitunga matusi kumi. Niliyapanga kuanzia jepesi hadi zito, kama dawa inavyoongezwa. Asubuhi nikasimama miguuni pa kitanda, nikaanza na la kwanza, kuhusu masikio yake. Mguu haukuinuka. Nikadhani kipimo ni kidogo. Nikaruka mpaka la sita. Nikamwambia kuli asiyebeba ni gunia tupu, na gunia tupu hata panya hawalitaki.

Fundi cherehani aliangusha mkasi. Mzee Kapela alinitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, kisha akajifunika shuka gubigubi. Mchana hakula. Mazoezi alikataa. Teke sikupigwa.

Muuguzi Sitara alinivuta pembeni akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema nafuata njia ya Daktari Abbasi. Akanieleza, polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa wa malaria. Abbasi ni Mzaramo, mzee ni Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Wanatukanana mpaka msibani na hakuna anayekasirika. Mimi Mchagga utani na Mnyamwezi nimeupata wapi? Mimi nimemtukana mzee mgonjwa, basi.

Utani naujua, nani asiyeujua! Ila nilidhani ni uchangamfu, kwamba mtu akichangamka anatania. Nimesoma shule ya bweni tangu nina miaka minane, mambo haya yalinipita. Kumbe unarithiwa kama kihamba, shamba la migomba la ukoo. Nilimaliza zamu nimeinamisha uso, naogopa hata kumtazama mfagiaji. Lile neno la gunia tupu linanirudia. Nimeuchana ukurasa. Bado linarudi.

Ijumaa, 9 Agosti

Njia ya heshima ingekuwa kumwomba mzee radhi, au kumwomba Abbasi anipatanishe naye. Njia zote mbili nimezifikiria kwa dakika nzima. Lakini kumwomba Abbasi! Ili aende Uingereza na juu ya hayo anihurumie?

Hapana. Itabidi niwe Mzaramo.

Jioni nilimkuta Bi Mwanamkuu ukumbini akipepeta mchele. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia nina rafiki yangu, Mchagga, anayetaka kuwa Mzaramo kabla ya Alhamisi. Je, yawezekana? Aliacha kupepeta. Akauliza huyo rafiki amempa mimba binti wa nani. Nikasema hapana, ni jambo la kitabibu. Akacheka sana, akasema Uzaramo hauuzwi Kariakoo, ila mtu akiwa na bibi Mzaramo, hata kwa upande wa mama, utani unamfikia.

Bibi! Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Machame, akafia Machame, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Moshi mjini kung'oa jino. Lakini ni marehemu, hawezi kukanusha. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimefanikiwa. Naandika haya miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Niliketi kando ya kitanda cha Mzee Kapela, nikashusha sauti, nikamweleza kwamba bibi yangu mzaa mama ni Mzaramo, na kwamba maneno ya juzi yalikuwa utani. Shuka ilishuka mpaka puani. Akauliza bibi anaitwa nani. Nikataja jina la kwanza lililonijia, Mwanamkuu. Wa wapi? Kisarawe. Shuka ikashuka mpaka kifuani. Akasema sasa ameelewa kwa nini nilitukana vibaya vile. Nimekulia ugenini, sikufundishwa.

Alinisamehe kirahisi hivyo. Nilifurahi kwa muda wa dakika mbili.

Kisha akasema mtani akimkuta mtani wake huchukua anachokipenda, na mwenye mali hakasiriki. Akanyoosha kidole kwenye miguu yangu. Viatu vyangu! Ngozi nyeusi, nilivinunua Kampala siku ya kuhitimu, vinalia kila hatua, na sina vingine. Wodi nzima ilikuwa inatazama. Abbasi alikuwa mlangoni, ameacha kupiga mluzi. Nikavua. Nikatabasamu. Tabasamu lile liliniuma kuliko jino.

Nikarudi nyumbani kwa baiskeli, suruali imepigwa pasi, nyayo tupu kwenye pedali. Nilikata Mtaa wa Kongo kwa kasi lakini baba mdogo Leodegar alikuwa nje ya duka anapokea maharage. Alipiga kelele kuniuliza viatu viko wapi. Nikasema kwa fundi. Akauliza, vyote viwili? Wapagazi wote waligeuka.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya kutazama wagonjwa. Ningejua ningeugua mwenyewe.

Walikuja makuli wanane wa Kinyamwezi kumwona mwenzao. Mzee Kapela akanitambulisha kwa fahari kwamba daktari huyu ni mtani wetu. Wanane! Wa kwanza alichukua kofia yangu. Wa pili mwavuli. Wa tatu akauliza kama ile baiskeli nje ni yangu, na kabla sijajibu wawili wengine walikwisha kumsindikiza. Niliwaona dirishani wakiondoka watatu juu ya tandiko moja, wanaimba.

Nikarudi kwenye kazi. Nilikuwa nimepiga magoti, mafuta mpaka viwikoni, nyayo tupu, mguu wa mzee mapajani mwangu, niliposikia makuli waliobaki wakisalimia kwa heshima kubwa. Shikamoo, Bi Mwanamkuu. Kumbe amewakanda nusu yao. Amemletea uji jirani yake aliyelazwa.

Sikuinua uso. Niliona miguu yake imesimama mbele yangu. Hapo Mzee Kapela akamuuliza kama yeye ndiye Mwanamkuu wa Kisarawe. Akasema ndiye. Akamuuliza kama daktari huyu ni mjukuu wake.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nadhani Bi Mwanamkuu alimkumbuka yule rafiki yangu Mchagga. Kisha akasema ndiyo, ni mjukuu wake, ila mikono yake migumu kwa sababu nyumbani hakutaka kujifunza. Akaweka uji chini, akapiga magoti pembeni yangu, akakishika kidole gumba changu kama cha mtoto anayefundishwa kuandika, akanionyesha mahali pa kubonyeza. Mbele ya watu wote! Na mzee akashusha pumzi, akasema hapo, hapo hasa.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Nilingoja anifukuze. Alisema kinachomkera si kwamba nakanda. Kinachomkera ni kwamba naona haya kukanda, maana haya hiyo inamwangukia yeye pia. Akanipa makubadhi ya marehemu mumewe niyavae.

Jumatatu, 12 Agosti

Anatembea! Mzee Kapela anatembea!

Alivaa viatu vyangu asubuhi bila kuambiwa na mtu. Alisema viatu vinavyolia havikai chini ya kitanda, lazima visikiwe. Akashika reli, akasimama, akaenda hatua nne. Akapumzika. Akaenda sita. Kwii, kwii, wodi nzima inahesabu. Uso haukukunjamana hata kidogo. Daktari Marcelino alivua miwani akaifuta.

Niliona mzee amesokomeza kipande cha gunia kilichokunjwa ndani ya kiatu cha kulia. Kiatu cha Kampala! Nikavumilia. Uzee una mambo yake.

Daktari Marcelino aliniuliza nimetumia njia gani. Nikasema ni njia ya muda mrefu, yenye hatua nyingi. Abbasi alinipa mkono na kunipongeza. Alionekana kumaanisha, jambo lililoniharibia furaha kidogo.

Jumanne, 13 Agosti

Kutoka kitandani mpaka mlango wa baraza na kurudi, bila reli, kwa fimbo moja. Mzee alisimama barazani akatazama upande wa bandari, bomba za meli zinaonekana kwa mbali. Akasema Ijumaa atakuwa ghalani. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kisha akaanza kuzihesabu bomba zile kwa kidole.

Nimeazima kitabu chenye picha za Uingereza. Kumbe kuna baridi sana. Nitahitaji koti.

Jumatano, 14 Agosti

Tatizo. Daktari Marcelino ametangaza kwamba kesho, baada ya kuona wagonjwa, profesa atakunywa chai nasi. Koti, tai, viatu. Alipotamka viatu alinitazama makubadhi.

Viatu vya baba mdogo ni namba sita, mimi ni tisa. Abbasi simwombi kitu hata nikizama. Nilizunguka wodi mara mbili nikiwaza, kisha nikacheka peke yangu. Mimi si mtani? Mtani si huchukua anachokipenda? Sheria ni sheria!

Mzee Kapela alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, amejaa usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa sambamba. Nikavitoa taratibu. Nikavifunga ndani ya koti langu jeupe. Kile kipande cha gunia nilikitupa kwenye ndoo ya taka. Fundi cherehani alikuwa macho, alinitazama. Nikamkonyeza kama mtani. Hakunikonyeza.

Mpango hauna kasoro. Kesho mzee atatembea peku kama alivyotembea maisha yake yote, profesa hatatazama nyayo za kuli, na baada ya chai namrudishia viatu vyake. Vyangu. Vyake.

Jioni. Nilikuwa kibarazani navipaka rangi nilipoona makuli watatu wanakuja na baiskeli yangu. Wameiosha, wameitia kengele mpya. Kofia imepigwa brashi. Mwavuli mzima. Na mkungu wa ndizi juu ya kapu. Wamesema mtani aliyenyang'anywa bila kununa hurudishiwa na nyongeza, na mimi sikununa, basi mimi ni mtani kweli.

Viatu nilikuwa nimevikalia. Niliwashukuru nikiwa nimeketi. Wakadhani ni maringo ya kisomi, wakaondoka wakinicheka kwa upendo. Ndizi sijala.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuyaona tu.

Saa nne kamili. Profesa, mrefu, masharubu meupe. Daktari Marcelino pembeni yake. Fundi cherehani wa Abbasi alikata kitambaa mstari ulionyooka, akafunga vifungo vyake vitano. Profesa akaandika kidogo. Ikawa zamu yangu. Nilitoka mbele. Kwii, kwii, kwii.

Mzee Kapela alikuwa ameinama anapapasa chini ya kitanda. Alisikia ule mlio. Akainua uso taratibu, akatazama miguu yangu, kisha akanitazama mimi. Nilimwomba kwa Kiswahili fasaha asimame atembee. Akasimama bila kitu mguuni. Hatua ya kwanza akayumba upande wa kulia. Ya pili akaanguka kwenye reli, na profesa akamdaka kwapani. Profesa mwenyewe! Uso wa mzee ulikunjamana kama siku ya kwanza.

Daktari Marcelino aliniuliza kwa upole miguu ilitofautiana kiasi gani nilipoipima. Nikasema kidogo. Kidogo kiasi gani? Nikatazama dari.

Abbasi alisogea mbele. Aliazima futi ya fundi cherehani, akapiga magoti, akaipima miguu yote miwili. Wa kulia ni mfupi kwa inchi moja na robo. Kumbe ndiyo sababu. Toka Aprili, kila akikanyaga nyonga ilikuwa inamwangusha, na mzee alikuwa amejitibu mwenyewe kwa kipande cha gunia, nami nikakitupa. Abbasi akavua viatu vyake, akakunja gazeti, akalisokomeza ndani ya kiatu cha kulia, akamvisha mzee. Akamwambia aamke, mpagazi gani huyu anayengoja kubebwa. Mzee hakucheka, lakini alisimama. Wakaenda mpaka mlango wa baraza na kurudi, Abbasi kando yake na soksi zilizotoboka, anamtukana njia nzima. Profesa aliandika ukurasa mzima.

Mzee alipoketi aliniita. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mimi ni mtani wake, nimechukua nilichokipenda. Alinijibu bila kupaza sauti:

"Mtani huchukua mbele ya macho yangu, nami nikacheka. Wewe ulingoja nilale. Huo si utani, Bwana Daktari. Huo ni wizi."

Kila mtu alisikia. Muuguzi Sitara aligeuka akaanza kukunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Daktari Marcelino alimtafsiria profesa, na nilimwona anatafuta neno la kupunguza makali, lakini hakulipata. Nimeona aibu nyingi maishani, hata shuleni nilipojikojolea wakati wa kwaresima mbele ya askofu. Hii si ya aina ile. Hii nimeitengeneza kwa mikono yangu, kwa hatua, kwa daftari.

Chai nilikunywa. Vikombe viwili. Sikujua mahali pengine pa kuiweka mikono yangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Abbasi anaenda Uingereza, Oktoba. Nimempa mkono. Akasema ataniandikia barua na kunieleza atakayojifunza. Anamaanisha. Mtu huyu anachosha.

Habari zilifika Mtaa wa Sikukuu kabla yangu. Wanawake wa bombani waliacha ndoo zijae na kumwagika. Bi Mwanamkuu hakunigombeza. Alisema tu kwamba mjukuu wake hakuiba, aliyeiba ni mpangaji, na mpangaji anaombwa arudishe makubadhi ya marehemu. Nikayarudisha kwa mikono miwili. Ningependelea anipige.

Mzee Kapela ameruhusiwa asubuhi. Niliambiwa na mfagiaji. Hakuniaga.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo nimeamka na moyo safi. Nitamwomba mzee radhi. Bila hila. Nikavifunga viatu ndani ya gazeti ili nimpe kabisa, nikaenda bandarini kwa baiskeli.

Nilimwona kwa mbali mlangoni mwa ghala. Amesimama wima, kipande cha chaki mkononi, anahesabu magunia yanayopita. Amevaa katambuga za tairi. Ya kulia ina soli nene, tabaka tatu za tairi. Muuguzi Sitara ameniambia baadaye kwamba Bi Mwanamkuu ndiye aliyezipeleka kwa fundi, kwa vipimo vya Abbasi. Makuli walikuwa wanapita na kumtania, naye anajibu huku hesabu haimpotei. Viatu vyangu havihitaji tena.

Nilijificha nyuma ya lori la katani. Nusu saa. Nilijaribu kutoka mara tatu. Ningemwambia nini? Kila nilipolitafuta neno nililikuta lile la gunia tupu. Nikarudi na viatu vyangu. Njia nzima nilikuwa nalia, na naapa haikuwa vumbi.

Nimefika nyumbani, nimenawa uso, nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu nimeliona. Mzee mwenyewe alilitaja waziwazi: kosa ni kwamba hapakuwa na macho! Basi radhi nayo lazima iombwe mbele ya macho. Profesa anapanda meli Jumatatu saa tisa, gati iko hatua mia kutoka ghala lile. Nimekwisha kuzungumza na mpiga picha wa Mtaa wa Mkunguni. Nitapiga magoti, nitamvisha mzee viatu, mpiga picha atapiga, profesa atapita, ataona daktari mnyenyekevu anayejali nyayo za wagonjwa. Uingereza kuna nafasi zaidi ya moja. Nimemwambia mpiga picha asimame kulia kwangu, upande huo ninapendeza.

Viatu nimevipaka rangi mara mbili. Picha ikishapigwa nitamwomba mzee anirudishie, maana Jumanne ninaenda kazini na sina vingine. Safari hii nitavichukua akiwa macho kabisa.